Dola ya Qin iliwatawalaje watu wa falme saba?

Swali lako, Mwalimu, nalirudia hapa ili wasomaji wengine walifuate. Umeuliza hivi: dola ya Qin (jina lake hutamkwa karibu na "chin") ilidumu miaka 15 tu, kuanzia 221 KK hadi 206 KK, iliwezaje basi kuwafanya watu wa falme saba zilizopigana kwa vizazi kuwa raia wa mtawala mmoja? Na kama ilikuwa katili kama tunavyosoma, kwa nini walioipindua walirithi karibu kila chombo chake cha utawala? Umeongeza kwamba wanafunzi wako hujibu kwa kutaja jeshi na Ukuta Mkuu, na kwamba wewe jibu hilo halikutoshi. Una haki ya kutoridhika nalo, maana jeshi linaeleza jinsi wafalme sita wa falme nyingine, mbali na Qin yenyewe, walivyoanguka, lakini halielezi kilichofanyika siku ya pili, askari walipokwisha kupita na wakulima wakarudi mashambani.

Kwa maoni yangu, kazi ya kuwaunganisha watu ilifanywa na karani mwenye daftari la kaya, na kazi hiyo haikuanza mwaka 221 KK. Ilianza zaidi ya miaka 130 kabla, ndani ya Qin yenyewe, na ushindi wa kijeshi ulikuja tu kuipeleka kwa watu wengine.

Qin ilikuwa ufalme wa magharibi, katika bonde la mto Wei, ambalo leo limo katika mkoa wa Shaanxi. Falme za mashariki ziliidharau kama nchi ya watu wasiostaarabika. Kuanzia 356 KK mtawala wake Xiao alimpa madaraka mgeni aitwaye Shang Yang, ambaye katika awamu mbili za mageuzi, hiyo ya kwanza na nyingine ya 350 KK, alibomoa uhusiano wa zamani kati ya mkulima na mabwana wa koo. Kaya ziliandikwa na kupangwa katika makundi ya watano na ya kumi, na kila kundi likawajibika kwa makosa ya wenzake: aliyejua uhalifu wa jirani akanyamaza aliadhibiwa pamoja naye. Familia yenye watoto wa kiume wawili au zaidi walio watu wazima, ikiwa haikugawana kaya, ilitozwa kodi maradufu, kwa sababu dola ilitaka kaya ndogo nyingi zinazohesabika, wala haikutaka ukoo mkubwa unaojitosheleza na kujificha nyuma ya mzee wake. Vijiji viliwekwa chini ya wilaya, na wilaya ikawa na mkuu aliyeteuliwa na kulipwa na dola, ambaye angeweza kuondolewa wakati wowote na ambaye hakumrithisha mwanawe cheo hicho.

Hata hivyo Shang Yang hakutegemea adhabu peke yake, na hapa ndipo vitabu vingi vinapopita haraka. Aliweka ngazi ya heshima, ambayo hatimaye ilikuwa na madaraja 20, na mtu wa kawaida aliweza kuipanda kwa ushujaa vitani. Askari aliyemuua adui na kuleta kichwa chake alipandishwa daraja moja. Daraja lilikuja na shamba, kiwanja cha nyumba, nafuu ya baadhi ya adhabu na heshima mbele ya majirani; na jamaa wa mtawala mwenyewe, asipokuwa na sifa za vita, alipaswa kuondolewa katika orodha ya ukoo wa kifalme. Kwa mkulima ambaye baba na babu yake walikufa wakilima ardhi ya bwana, huo ulikuwa mlango ambao haujawahi kufunguliwa. Shang Yang aliuawa kikatili mwaka 338 KK, baada ya mlezi wake Xiao kufariki, kwa kuwa alikuwa amewakosea wakubwa wengi mno. Lakini waliomuua hawakufuta hata moja ya sheria zake kuu. Liweke hilo akilini, Mwalimu, maana lilijirudia baadaye kwa kiwango cha dola nzima.

Nyongeza ndogo kuhusu chakula. Qin ilikuwa na ghala zilizojaa kwa sababu ya umwagiliaji: mfumo wa Dujiangyan katika Sichuan, uliojengwa chini ya gavana Li Bing katikati ya karne ya tatu KK na ambao bado unamwagilia mashamba hadi leo, na mfereji wa Zhengguo ulioanza kuchimbwa 246 KK. Bila nafaka hiyo, vita vya miaka kumi mfululizo visingewezekana.

Sasa tuje kwa karani. Mwezi Desemba 1975, wafanyakazi waliokuwa wakichimba mfereji huko Shuihudi, wilaya ya Yunmeng katika mkoa wa Hubei, waligundua makaburi ya kale. Katika kaburi la namba 11 alilala mtumishi wa serikali wa ngazi ya chini aitwaye Xi, na kuuzunguka mwili wake ndani ya jeneza vilipangwa vipande vya mianzi zaidi ya 1,150 vilivyoandikwa kwa wino. Kabla ya siku hiyo, karibu yote tuliyoyajua juu ya utawala wa Qin yalitoka kwa waandishi wa dola iliyofuata, dola ya Han, ambao walikuwa na kila sababu ya kuichora Qin kwa rangi nyeusi. Kaburi la Xi lilitupa sheria zenyewe, jinsi karani alivyozitumia mezani kwake.

Miongoni mwa vipande hivyo kuna orodha ya miaka, ambamo matukio ya dola na ya Xi mwenyewe yamewekwa sambamba. Tunaona kwamba alizaliwa 262 KK, kwamba aliandikishwa kwa ajili ya utumishi mwaka 246 KK akiwa na umri wa miaka 17 kwa hesabu yao, kwamba alikuwa karani wa wilaya ya Anlu, na kwamba mwaka 235 KK alianza kushughulikia kesi za jinai katika mji wa Yan (si ufalme wa Yan nitakaoutaja chini). Watoto wake wanazaliwa katika orodha hiyo hiyo ambamo falme zinaanguka. Kwenye mwaka 231 KK ameandika kwamba watu walitakiwa kutaja umri wao wenyewe kwa serikali. Jambo hili linaonekana dogo, lakini mimi naliona kuwa moja ya mambo makubwa ya karne ile. Hadi wakati huo, mtoto na mtu mzima walitofautishwa kwa kimo: mvulana asiyefikia urefu fulani hakuhesabiwa mtu mzima mbele ya sheria. Kuanzia mwaka huo, dola ilijua mwanamume fulani katika kijiji fulani ana miaka mingapi, na kwa hiyo ilijua lini itamwita jeshini, lini itamdai shokoa, yaani kazi ya lazima kwa serikali, na lini itamwacha apumzike. Mwaka uliofuata, 230 KK, Qin iliumeza ufalme wa Han, wa kwanza kati ya falme sita (jina linafanana na la dola ya Han ya baadaye, lakini ni vitu viwili tofauti). Zikafuata Zhao mwaka 228, Wei 225, Chu 223, Yan 222, na mwisho Qi mwaka 221 KK.

Katika kaburi la jirani hapo Shuihudi, namba 4, zilipatikana barua mbili zilizoandikwa kwenye vibao vya mti na ndugu wawili, Heifu na Jing, waliokuwa jeshini wakati wa vita dhidi ya Chu. Ni miongoni mwa barua za kifamilia za kale kuliko zote zilizopatikana China. Heifu anamsalimia mama yake na kumwomba fedha na nguo za majira ya joto. Anamwambia aangalie bei ya kitambaa huko Anlu, kikiwa rahisi amshonee na kumtumia pamoja na fedha, na kikiwa ghali atume fedha tupu, yeye atanunua kitambaa huko huko aliko. Jing analalamika kwamba asipoletewa chochote atakufa. Na katikati ya salamu na maombi hayo, Heifu anauliza kama hati ya daraja imeshafika nyumbani au bado. Hapo tunauona mpango wa Shang Yang ukifanya kazi miaka zaidi ya 100 baada ya kifo chake. Mtoto wa mkulima yuko mbele ya mji uliozingirwa, hana hata nguo za kubadili, lakini anaamini kwamba karani atampelekea mama yake kile alichokipata kwa kuhatarisha maisha. Dola yenye uwezo wa kumfanya askari aulize swali hilo haikuwa ikitawala kwa hofu peke yake.

Falme zilipokwisha kuanguka, mfalme Ying Zheng, ambaye alikalia kiti akiwa na miaka 13 mwaka 246 KK, alijitwalia jina jipya la huangdi, ambalo sisi tunalitafsiri kwa neno kaizari. Mara moja ukazuka mjadala ambao ningependa wanafunzi wako waufahamu. Waziri mkuu Wang Wan alishauri kwamba nchi za mbali, yaani Yan, Qi na Chu, wapewe wana wa kaizari wazitawale kama wafalme wadogo, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kuzishika. Li Si, aliyekuwa mkuu wa masuala ya sheria, alipinga: nasaba ya Zhou, iliyotangulia zamani, iliwapa jamaa zake nchi, na baada ya vizazi vichache jamaa hao wakawa wanachinjana kama maadui. Kaizari alimkubalia Li Si. Nchi yote iligawanywa katika majimbo 36, ambayo baadaye yaliongezeka, na kila jimbo likagawanywa katika wilaya. Kila jimbo lilikuwa na mkuu wa kiraia, kamanda wa jeshi na mkaguzi aliyeripoti makao makuu, ili asiwepo mtu mmoja mwenye wino, upanga na siri kwa pamoja. Familia tajiri 120,000 za falme zilizoshindwa, kwa hesabu ya mwanahistoria Sima Qian, zilihamishiwa mji mkuu wa Xianyang, na silaha zilizokusanywa ziliyeyushwa zikatengenezwa sanamu kubwa 12 za shaba.

Usawazishaji wa vipimo, mwandiko na sarafu unaosomwa kila mahali ulikuwa na maana gani hasa? Tuchukue mfano wa chombo kimoja ambacho leo kiko katika jumba la makumbusho la Shanghai. Ni kipimo cha shaba cha ujazo wa takriban mililita 200, kilichotengenezwa chini ya Shang Yang mwaka 344 KK kikiwa na maandishi yake. Mwaka 221 KK kililetwa tena kwa mafundi, na kwenye kitako chake pakachongwa amri mpya ya kaizari, yenye herufi 40, inayosema kwamba ameunganisha dunia yote, kwamba watu wamepata utulivu, na kwamba mawaziri wameagizwa kuvisawazisha vipimo vyote visivyolingana au vinavyotiliwa shaka. Kipimo cha Qin ya kale, kilichokuwa na umri wa miaka 123, kilifanywa kipimo cha dunia nzima. Amri hiyo hiyo ilichongwa kwenye mawe ya mizani na kugongwa kwenye vyungu vya kupimia nafaka, ambavyo vimefukuliwa hata katika nchi zilizokuwa za falme za mashariki. Mkulima wa Qi ambaye hakujua kusoma aliiona kila alipopeleka kodi ya nafaka ghalani. Naye alikuwa na faida yake katika jambo hilo, kwa sababu mpimaji hakuweza tena kutumia kibaba kikubwa wakati wa kupokea na kidogo wakati wa kutoa; sheria zilizopatikana kaburini mwa Xi zinamtoza faini mtumishi ambaye vipimo vyake vimepotoka.

Kwa upande wa mwandiko, tuwe waangalifu. Qin haikuunganisha lugha. Watu wa Chu waliendelea kuzungumza kama mama zao walivyowafundisha, na lahaja za China hazielewani hadi leo. Kilichosawazishwa ni herufi, chini ya uongozi wa Li Si, na herufi za falme za mashariki zikatoweka katika matumizi ya kiserikali ndani ya kizazi kimoja. Mwandiko rasmi uliochongwa milimani wakati wa ziara za kaizari ulikuwa wa kupendeza lakini mzito kuuandika. Makarani walitumia mwandiko wao mwepesi, wa mistari iliyonyooka, na huo wa makarani ndio ulioshinda na kuzaa herufi za Kichina tunazoziona sasa. Kuhusu maneno yenyewe, tuna ushahidi wa ajabu kutoka Liye, mji mdogo wa milimani katika mkoa wa Hunan, ambako mwaka 2002 kisima cha kale kilifunguliwa na kutolewa humo makumi ya maelfu ya vibao vya wilaya ya Qianling ya Qin. Kibao kimoja ni orodha ya maneno yaliyobadilishwa: usiseme "baba-mfalme" ukimaanisha babu, tumia neno hili, usimwite nguruwe kwa neno lile, mwite kwa hili. Hebu fikiria wilaya iliyo pembezoni mwa dola, katikati ya misitu, ambako karani ana ubao unaomwelekeza jinsi ya kumwita nguruwe katika ripoti yake.

Sheria nazo zilikuwaje? Sitaki kupunguza ukali wake hata kidogo. Kulikuwa na adhabu za kuchanjwa usoni na kutiwa wino, kukatwa pua, kukatwa mguu na kuhasiwa. Kulikuwa na wafungwa waliohukumiwa kujenga kuta, na wake na watoto wa wahalifu fulani walifanywa watumwa wa serikali. Aliyeiba majani ya mforosadi ya thamani isiyofika hata sarafu moja alifanyishwa kazi ya lazima siku 30. Mfungwa wa kiume aliyefanyia serikali kazi alipewa shi mbili za nafaka (shi ni kipimo cha kale cha ujazo) kwa mwezi, na wa kike shi moja na nusu, na yote hayo yaliandikwa.

Hata hivyo sheria hizo hizo zinaonyesha umakini ambao hatukuutarajia. Mvua ikinyesha, mkuu wa wilaya alipaswa kuandika mara moja imefaidisha mashamba kiasi gani. Kukiwa na ukame, dhoruba, mafuriko au nzige, aandike eneo lililoharibika, na wilaya za karibu zitume taarifa kwa mkimbiaji, za mbali kwa tarishi wa njia kuu, ili zote zifike kabla ya mwezi wa nane kwisha. Ng'ombe wa serikali walikaguliwa mara nne kwa mwaka: mtunzaji bora alizawadiwa pombe na nyama kavu, na aliyemfanyisha ng'ombe kazi hadi kiuno chake kikapungua alichapwa viboko kumi kwa kila kipimo kidogo kilichopungua. Maelekezo ya kuhoji watuhumiwa yanasema kwamba njia iliyo bora ni kuandika maneno ya mtu na kuyafuatilia hadi ukweli ujulikane bila kumpiga. Kupiga ni njia duni, na kumtisha ni kushindwa kazi. Katika mfano mmoja wa ripoti ya wizi, ambapo mwizi alitoboa ukuta usiku akaiba koti, mchunguzi amepima upana wa tundu, ameeleza udongo uliochimbwa na amehesabu alama za magoti na mikono zilizobaki ardhini. Kusema kwamba Qin ilitawala kwa matakwa ya mtu mmoja ni kukosea. Faini za ngao na deraya (yaani zilizohesabiwa kwa vifaa hivyo vya vita) zilizojaa katika sheria hizo zilimlenga mtumishi wa serikali mzembe mara nyingi zaidi kuliko zilivyomlenga mkulima.

Kwa hiyo je, watu waliunganishwa kweli? Waliandikwa, na kuandikwa ni jambo moja, kukubali ni jingine. Mwaka 227 KK gavana Teng wa jimbo la Nan aliwaandikia wakuu wa wilaya zake barua kali, ambayo nakala yake Xi alizikwa nayo. Jimbo la Nan lilikuwa moyo wa ufalme wa Chu, na Qin ilikuwa imeliteka mwaka 278 KK, miaka 50 nyuma. Hata hivyo Teng analalamika kwamba sheria zimeshatangazwa lakini watu wameng'ang'ania mila za kwao, na kwamba watumishi wanajua na kunyamaza. Nusu karne haikutosha. Jiulize basi ni nini kingewezekana katika miaka 15 huko Qi au Yan. Qianling nako, kwa mujibu wa vibao vya Liye, wilaya ilitakiwa kuwa na watumishi zaidi ya 100, lakini waliokuwapo kazini wakati wa kuandikwa orodha walikuwa kama nusu tu, wengine wakiwa safarini kikazi na nafasi nyingine hazina mtu. Katika madaftari ya kaya ya huko, watu walioshindwa wameandikwa na alama inayoonyesha kwamba daraja lao ni la Chu. Wamehesabiwa ndani ya dola, lakini daftari lenyewe bado linakumbuka walikotoka.

Kuchomwa kwa vitabu mwaka 213 KK, kwa ushauri wa Li Si, hakukuanzisha anguko la Qin, ingawa kulikuwa hasara ambayo mpenda elimu hawezi kuisamehe. Wakulima walioasi hawakuasi kwa ajili ya vitabu.

Waliasi kwa sababu ya kutumikishwa. Dola iliyojua idadi ya wanaume wake na umri wa kila mmoja ilishindwa kujizuia kuwaita. Jenerali Meng Tian alipewa askari 300,000 dhidi ya Waxiongnu wa kaskazini na kuanza kuunganisha kuta. Barabara ilinyooshwa kwenda mpakani. Mfereji wa Lingqu ulichimbwa kusini. Na Sima Qian anasema watu zaidi ya 700,000 walitumikishwa katika kaburi la kaizari na jumba la Epang. Kaizari alifariki safarini mwaka 210 KK. Li Si na towashi Zhao Gao waliificha habari, wakamlazimisha mrithi, Fusu, ajiue, na kumweka mdogo wake Huhai, ambaye alizidisha madai badala ya kuyapunguza.

Mwaka 209 KK, watu 900 walioitwa kulinda mpaka wa kaskazini walizuiwa na mvua mahali paitwapo Dazexiang. Wawili kati yao, Chen Sheng na Wu Guang, kwa maelezo ya Sima Qian, walisema kwamba kuchelewa ni kifo na kuasi ni kifo, hivyo afadhali kuasi. Sheria ya shokoa iliyopatikana kaburini mwa Xi inasema tofauti: kuchelewa siku tatu hadi tano ni karipio, siku sita hadi kumi ni faini ya ngao moja, zaidi ya hapo ni deraya moja, na mvua ikizuia, wito unafutwa. Wapo wanaotumia kifungu hiki kumwita Sima Qian mwongo. Mimi siafiki, kwa sababu kifungu kinahusu shokoa za kawaida, na watu wa Dazexiang walikuwa wanakwenda ulinzi wa mpakani, ambako sheria za kijeshi zilikuwa kali zaidi. Lakini jambo muhimu zaidi ni kwamba watu 900 wa nchi ya zamani ya Chu waliposikia kwamba watauawa kwa ajili ya mvua, wote waliamini. Sheria ilikuwa na nafuu zake, lakini nafuu hizo zilikaa katika mianzi ya karani. Kijijini zilifika adhabu.

Sasa nusu ya pili ya swali lako, ambayo kwa kweli ndiyo ngumu. Tazama ni akina nani walioirithi Qin. Liu Bang, aliyeanzisha dola ya Han, alikuwa mtumishi mdogo wa Qin, mkuu wa kituo cha ulinzi huko Sishui. Alianza uasi wake baada ya kupewa kazi ya kuwasindikiza wafungwa kwenda kujenga kaburi la kaizari. Wengi walitoroka njiani, akajua ataulizwa, akawafungulia waliobaki. Msaidizi wake mkuu, Xiao He, alikuwa karani wa wilaya ya Pei, mtu wa kazi ile ile ya Xi. Majeshi yao yalipoingia Xianyang mwaka 206 KK, makamanda walikimbilia ghala za dhahabu na hariri. Xiao He alikwenda kwenye ofisi za waziri mkuu na mkaguzi mkuu, akachukua sheria, ramani na madaftari ya kaya. Katika miaka minne ya vita iliyofuata dhidi ya Xiang Yu, Liu Bang alijua ngome ziko wapi, kaya zenye watu wengi ziko wapi na nafaka itatoka wapi. Xiang Yu, aliyekuwa mwana wa ukoo wa majenerali wa Chu na shujaa kumzidi kwa mbali, alichoma majumba ya Xianyang na kuzigawa nchi kwa wafalme kama zamani, na akashindwa.

Liu Bang alikuwa ameahidi watu wa Xianyang kwamba atafuta sheria za Qin na kubakiza tatu tu, kuhusu kuua, kujeruhi na kuiba. Ahadi hiyo haikuweza kuendesha nchi, na Xiao He akazirudisha nyingi. Kilichobadilika ni mwendo. Kodi ya mashamba ilipunguzwa, askari walirudishwa makwao, na nchi za mashariki, zile zile ambazo Wang Wan alizihofia, ziliachiwa wafalme wadogo huku majimbo ya magharibi yakibaki mikononi mwa kaizari. Kwa muda Wang Wan alionekana kuwa amesema kweli. Kisha wafalme hao, ambao kwa kipindi hicho walikuwa jamaa wa kaizari mwenyewe, waliasi mwaka 154 KK, saba kwa pamoja, kama Li Si alivyotabiri, na baada ya hapo falme zao zilimegwa kidogo kidogo hadi zikawa kama majimbo. Adhabu za kukata viungo zilianza kufutwa mwaka 167 KK, chini ya kaizari Wen. Han ilifika mahali Qin ilipotaka kufika, ila ilichukua miaka 80 badala ya 15, na ilikubali watu wapumzike katikati ya safari.

Ushahidi wa mwisho ninaokupa unatoka Zhangjiashan, katika wilaya ya Jiangling, mkoa wa Hubei, ambako kati ya 1983 na 1984 lilifunguliwa kaburi la mtumishi mwingine mdogo wa serikali, wa mwanzo wa Han. Naye amezikwa na mianzi ya sheria, za mwaka 186 KK, na vifungu vingi vinafuata vile vya Xi karibu neno kwa neno, pamoja na madaraja 20 ya Shang Yang. Mahali hapo palikuwa ndani ya jimbo la Nan, lile ambalo gavana Teng alililalamikia kwa ukaidi. Kifungu kimoja kinaagiza kwamba kila mwaka, mwezi wa nane, maofisa wa tarafa na makarani wa wilaya wakae pamoja kukagua madaftari ya kaya, na nakala moja ihifadhiwe katika ofisi ya wilaya.